Rula na Mstari wa Chaki

Kwenye ule mtaa wa mafundi chuma, mashine ya plazma ikigoma hakuna aliyehangaika kutafuta kitabu cha maelekezo. Watu walisema tu, "Mwiteni Rula," na Rula alikuja taratibu akijifuta mikono kwenye suruali, uso umekunjuka utadhani ameitwa kula.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki nyumbani. Mtaani aliitwa Rula kwa sababu alikata bamba la chuma lenye urefu wa kitanda kwa mkono mtupu, bila kuegemeza tochi kwenye chochote, na ukilaza rula pembeni ya alipokata huoni hata uwazi wa kupitisha unywele. Wengine walijaribu kumwiga wakaishia na kingo kama zilizoliwa na panya. Yeye aliwacheka, kisha akawaonyesha tena.

Plazma, kwa ambaye hajaiona, ni sanduku la umeme lenye mpira mrefu, na mwisho wa mpira pana tochi. Kompresa inaleta upepo, umeme unauchoma ule upepo ndani ya tochi, na kwenye ncha unatoka moto mwembamba mweupe unaopita kwenye chuma bila kubisha hodi. Ni mashine nzuri ikiwa na afya. Ikiugua inaugua kwa vituko: mara inawaka lakini haikati, mara inakata nusu inazima, mara inakata huku ikiacha mavi ya chuma yameganda chini ya bamba, na fundi anabaki kuitukania wazazi mashine isiyokuwa na wazazi.

Rula alikuwa na utaratibu wake wa kutafuta ugonjwa, na aliulinda kuliko baadhi ya watu wanavyolinda ndoa zao. Aliuita kuuliza kuanzia ukutani. Kwanza unauliza umeme: soketi, waya, kama kuna mtu ameunga waya mwembamba wa redio akitegemea ubebe mashine nzima. Kisha unauliza upepo: presha inatosha au haitoshi, maji yamejaa kwenye kompresa au hayajajaa. Kisha ardhi, yaani ule waya wenye klempu unaobana chuma kinachokatwa. Kisha ncha ya tochi na kile kipande cha shaba kinachokaa nyuma yake, kama havijaliwa na moto. Mwisho kabisa, hao wote wakishajibu vizuri, unauuliza mkono.

"Mbona mkono uwe wa mwisho?" aliwahi kumwuliza Kidoti. Huyu alikuwa mwanamke kijana aliyekuja kujifunza kazi kwake, na jina hilo alilipata wiki ya kwanza, cheche ilipomwachia alama nyeusi shavuni.

"Kwa sababu mkono una mdomo," Rula alimjibu. "Ukiuuliza mapema utajitetea mpaka jioni. Hao wengine hawana maneno mengi."

Na kweli hawakuwa na maneno mengi. Siku moja fundi wa mtaa wa pili alileta mashine yake juu ya mkokoteni, akiapa kwamba imekufa. Rula aliichomeka, akatazama klempu, akakuta imebana mahali penye rangi. Akakwangua rangi kwa bisibisi, akabana upya, moto ukashika. "Mashine nzima," akasema. "Wewe ndiye uliyeivalisha soksi." Mwingine alilalamika kwamba moto wake unatematema kama mtoto anayekataa uji. Rula hata tochi hakuigusa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompresa, akafungua kizibo cha chini, yakamwagika maji ya kutu mpaka yakawafikia viatuni. "Ndugu yangu, humu unafuga samaki?" Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mwenye kompresa naye akacheka shingo upande.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mdogo wake, tumbo moja. Mdogo mtu ndiye aliyekuwa na kichwa cha biashara, na Rula hakuwahi kuona wivu. Alisema yeye apewe chuma na chaki, hayo ya wateja wayabebe wenye ndimi. Ilikuwa banda la mabati lenye meza ndefu ya chuma iliyojaa makovu, feni lililokatika bawa moja, na matundu ya misumari kwenye paa yanayopitisha vijiti vya jua. Mke wa Rula alifanya kazi humo humo, kwenye kona ya grainda. Chochote alichokata Rula kilipita kwake, akalainisha kingo, akapaka rangi. Watoto wao walishakua wakaenda kwao, kwa hiyo wawili hao walitoka nyumbani pamoja asubuhi na kurudi pamoja jioni, mmoja ananuka moshi na mwingine ananuka rangi.

Sasa niseme siri ya ubingwa wa Rula, maana watu walidhani ni kipaji cha mkono. Moto wa plazma hautazamwi kwa macho makavu. Unavaa ngao ya uso yenye kioo cheusi, na kioo hicho ni cheusi kiasi kwamba kabla moto haujawaka huoni chochote, wala bamba, wala mstari wa chaki. Kwa hiyo mafundi wengi huanza kwa kubahatisha, na ukianza nje ya mstari kidogo tu, kazi yote imekwenda kombo. Rula hakubahatisha. Aliiacha ngao ikiwa imeinuliwa juu ya paji la uso, akatazama mstari kwa macho yake mwenyewe, akafyatua moto, akahakikisha umeshika pale pale kwenye kichwa cha mstari, ndipo akatikisa kichwa na ngao ikaanguka: tap. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Hilo aliliita kuchungulia, na alimfundisha Kidoti kuchungulia kwa uvumilivu uleule aliomfundisha nao mengine yote.

"Kaka, vaa ile ngao vizuri," mdogo wake alimwambia kila mara.

"Si nimevaa? Hii kichwani ni kofia ya harusi?"

Jioni macho yalimwasha kama yametiwa mchanga. Mkewe alimlaza, akamwekea kitambaa cha maji baridi, akamwambia macho hayana spea. Rula alimjibu kwamba kesho yatakuwa yamepoa, na kesho yake yalikuwa yamepoa kweli. Mtu akishapona mara nyingi namna hiyo, nani atamwambia kitu akamsikia? Miaka ikaenda.

Mambo yalianza kuharibika na geti la shule. Wakati huo Kidoti alishaaga na kufungua kibanda chake upande wa pili wa ukuta. Geti lilikuwa kubwa, la mbawa mbili, lenye vipande virefu vya bamba vilivyotakiwa kulingana. Rula alikata kipande cha kwanza, akakiinua, akakilaza juu ya meza. Katikati kilikuwa na tumbo. Akakigeuza upande wa pili, na upande wa pili pia ulikuwa na tumbo.

Alizima mashine, akaenda ukutani. Akapima umeme, ukawa sawa. Akamwaga maji ya kompresa, na yalikuwa matone tu. Akabadilisha kichujio hata hivyo. Akasugua klempu ya ardhi kwa msasa mpaka ikang'aa. Akafungua tochi, akatoa ncha, akaitazama kwa kuigeuzageuza karibu na uso. Tundu la ncha likishakuwa na umbo la yai, moto unatoka umeinama na chuma kinakatwa kimshazari, hilo alilijua kama anavyojua njia ya kwao. Hakuwa na uhakika na alichokiona, akaitupa, akaweka mpya. Akaweka na kipande kipya cha shaba, akakaza kila kilichokazwa. Kisha akaunyoosha mkono mbele ya mdogo wake, vidole vimetanuka.

"Tazama. Unatikisika?"

"Hautikisiki, Kaka."

"Basi." Akarudi ukutani akaanza upya.

Mkono aliuuliza, na mkono ulisema kweli. Lakini mkono unakwenda unakoelekezwa. Aliyekuwa akiuelekeza hakuulizwa, kwa sababu hakuwahi kuwemo kwenye orodha.

Mwenyewe alikuwa na habari, tena za muda. Mstari wa chaki ulikuwa umeanza kumchezea. Akiukazia macho, pale pale anapokazia panafutika, panabaki doa la kijivu. Akitazama pembeni kidogo, mstari unarudi. Alisema ni moshi. Aliposafisha banda na moshi ukapungua, alisema chaki za siku hizi ni unga mtupu, akanunua nene zaidi. Barabarani alianza kusubiri watu waseme kwanza ndipo awasalimie, na alipoona wanamwita mwenye maringo alicheka nao. Hakumwambia mtu. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujiambia, maana mtu aliyeitwa Rula nusu ya umri wake ataanzia wapi?

Mkewe hakuhitaji kuambiwa. Aliona mistari ya chaki inanenepa mpaka imefikia unene wa kidole. Aliona kingo zinazomfikia. Na hapo akafanya jambo alilolifanya kwa mapenzi, nalo likaleta madhara kuliko chuki yoyote. Rula akitoka kwenda kunywa chai, yeye alichukua vile vipande, akapiga mstari wake mwembamba, akala tumbo lote kwa grainda mpaka kipande kikanyooka. Akirudi, Rula alipitisha vidole, akakuta pamenyooka.

"Leo imekata vizuri," alisema.

"Eeh, leo imetulia," mkewe alijibu, akavuta kitambaa chake puani kuzuia vumbi.

Hebu fikiria fundi anayetafuta ugonjwa wa mashine ambayo asubuhi inakata kombo na mchana, bila kuguswa, kazi yake imenyooka. Rula hakuwa mjinga. Kwa ushahidi aliokuwa nao, jibu lilikuwa moja tu. Ugonjwa unaokuja na kuondoka haukai kwenye waya wala kwenye ncha. Unakaa ndani kabisa, kwenye sakiti, ambako fundi wa mtaani hafiki. Alimwita mdogo wake kando.

"Mdogo wangu, mashine imechoka. Kuna kitu ndani kinaungua polepole. Moto unayumba."

"Una uhakika, Kaka?"

"Lini nilikwambia kitu kuhusu mashine kikawa uongo?"

Ilikuwa kweli, haikuwahi kutokea. Mdogo mtu hakubishana. Alimwuzia Kidoti ile ya zamani, na Kidoti aliichukua na ugonjwa wake, akisema amejifunzia hapo na hawezi kuiacha iende kwa vyuma chakavu. Akiba ya karakana ikaenda kwenye mashine mpya, nyekundu, inayong'aa, ikiwa bado na nailoni kwenye mpini.

Siku ya kuiwasha waliacha kazi wote. Mdogo wake alimkabidhi tochi kwa mikono miwili. Rula alipiga mstari wake mnene, akainua ngao, akachungulia, moto ukashika, tap, akakata kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kusimama. Kipande kikaanguka chini kwa mlio mzuri. Mdogo mtu alikiokota kwa koleo, akakitazama, akampa mkewe Rula, naye akakipokea bila kuinua uso. Kilikuwa na tumbo katikati.

"Mashine ngeni," Rula alisema. "Tutazoeana."

"Sawa, Kaka." Mdogo wake akatoka nje kupokea simu ambayo haikuwa imelia.

Hawakuzoeana. Wateja walianza kuulizia kazi imekatwa na nani. Na huku hayo yakiendelea, kila siku Rula alisikia kitu kinachomkosesha raha kutoka upande wa pili wa ukuta. Ilikuwa sauti ya mashine ya zamani. Aliijua ngurumo yake, kile kikohozi kidogo inachotoa kabla ya kuwaka, na jinsi upepo wake unavyomalizikia kwa kuvuta pumzi ndefu. Mashine inayoungua ndani haisikiki hivyo. Ile ilikuwa nzima, inapiga kazi.

Alivumilia mpaka akashindwa, akaenda.

Kidoti alikuwa amemaliza kukata. Aliposikia hodi alivua ngao, akafurahi kwelikweli, akampangusia kiti. "Mwalimu, karibu. Leo umetukumbuka."

"Nimekuja kumwona mgonjwa. Umeifungua?"

"Kuifungua?"

"Ndani. Ulibadilisha nini?"

Kidoti alisita. Alikuwa amemheshimu mtu huyu miaka mingi, na sasa alitafuta namna ya kumjibu bila kumwumiza, lakini hakuipata. "Sijabadilisha kitu, Mwalimu. Nimeifuta vumbi tu."

"Nipe ulichokata."

Alimpa. Kilikuwa bado na joto. Rula alivua glovu, akaweka kidole gumba ukingoni, akakivuta kuanzia huku mpaka kule. Hakukitazama. Chini hapakuwa na mavi ya chuma hata chembe, juu hapakuwa na mkunjo, na kidole kilikwenda moja kwa moja kama kinateleza kwenye kioo. Akakirudisha kidole. Akakigeuza kipande, akafanya vilevile upande wa pili. Kisha akabaki amekishika, na Kidoti akaanza kumsimulia habari za bei ya chuma.

Hakuna aliyemwambia. Aliisoma mwenyewe, kwa kidole, kwenye mashine aliyoihukumu. Umeme, upepo, ardhi, ncha, vyote vilikuwa vimejibu kwamba ni vizima. Akakaa kwenye kile kiti.

"Mwalimu, nikuletee maji?"

"Hapana. Umekata vizuri," alisema. "Vizuri sana."

Nyumbani hakula. Mkewe alimwekea chakula mbele, akakaa upande wa pili wa meza, na Rula akamtazama. Aliona kilemba. Aliona masikio yote mawili na hereni zake. Pale ambapo pangekuwa na macho na mdomo palikuwa na lile doa la kijivu.

"Ulikuwa unavisaga," alisema.

Mkewe hakukana. "Nilikuwa navisaga."

"Tangu lini?"

"Tangu geti la shule."

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu? Nimeiuza mashine nzima. Nimemla mdogo wangu akiba yake. Kila mtu alijua isipokuwa mimi, nikawa mchekeshaji wa mtaa."

"Hakuna aliyecheka, Baba Watoto. Nani angecheka?" Kisha akasema kwa sauti iliyopasuka, "Nilikuwa nakusubiri. Nilisema, yeye mwenyewe atafika. Anajua kuuliza. Sikujua kwamba nikivinyoosha ninakupoteza njia. Naapa sikujua."

Rula alitaka kukasirika na alikuwa na haki ya kukasirika, lakini alimsikia mkewe anavuta kamasi na hakuweza kuona kama analia au la. Jambo hilo lilimwuma kuliko geti na mashine. Alinyoosha mkono juu ya meza, akagusa sahani, akagusa kikombe, akaupata mkono wa mkewe.

"Sikuoni uso," alimwambia. "Nakutazama hivi na sikuoni uso. Ninaogopa."

Walikwenda pamoja kwa daktari wa macho. Alikuwa mwanamama mpole mwenye sauti ya chini. Alimwekesha kidevu kwenye kifaa, akammulika jicho moja, akammulika la pili, akarudia la kwanza.

"Unafanya kazi gani, mzee wangu?"

"Nakata chuma."

"Kwa moto?"

"Kwa moto."

Daktari akazima taa yake, akavuta kiti karibu. Alimweleza kwamba katikati ya jicho, pale mtu anaposomea na kutambulia nyuso, pameungua. Hapakuungua siku moja. Palichomwa kidogo kidogo, miaka na miaka, macho yote mawili.

Rula alianza kumwuliza maswali yake, kwa mpangilio, maana ndiyo namna pekee aliyoijua ya kukabili kitu kilichoharibika. Miwani? Miwani husaidia jicho linalopokea picha vibaya, na hapa mahali penyewe pa kupokelea pameharibika. Dawa ya matone? Haifiki. Upasuaji? Hakuna. Kupumzika, akiacha kazi kabisa, parudi penyewe? Hapatarudi, ila hapatazidi kuungua.

"Na pembeni?"

"Pembeni utaendelea kuona. Utatembea, hutajigonga ukutani. Ningekuwa na zaidi ya hapo ningekupa, mzee wangu."

Alimshukuru. Njiani kurudi mkewe hakumkumbusha yale maneno ya kitambaa cha maji baridi, wala yeye hakuyataja. Walitembea wameshikana mikono kama hawajafanya tangu ujana, na watu waliowaona walitabasamu.

Mdogo wake alilipokea jambo hilo kiungwana. Hakutaja mashine hata siku moja. Alimwajiri kijana wa kukata, naye Rula akapewa kazi ya kukaa mlangoni na kopo la ncha zilizotumika, azichague zinazofaa kurudiwa na zilizokwisha. Namna mdogo mtu alivyomwomba aifanye, kwa adabu na macho chini, ungedhani Rula ndiye bosi. Ilikuwa kazi ya kweli, si sadaka. Alipitisha sindano kwenye tundu la ncha, akaizungusha, na vidole vikamwambia kama tundu bado ni duara au limekuwa yai. Nzima kulia, mbovu kushoto. Wapita njia walimwita Rula kama zamani, na kila walipomwita alijisikia anaitwa kwa jina la marehemu.

Akiwa amekaa hapo mlangoni, masikio yakiwa hayana kazi nyingine, ndipo alipoligundua lile la upande wa pili wa ukuta. Kila kukata kuna sauti tatu: upepo unafoka, moto unapasuka, na ngao inaanguka. Anayejilinda huangusha ngao kwanza. Kwa Kidoti upepo ulifoka, moto ukapasuka, ndipo ikaja tap. Alisikiliza mara ya pili, kisha ya tatu. Kila mara tap ilikuja mwisho.

Aliinuka, akaufuata ukuta kwa mkono mpaka kibandani.

"Unachungulia," alisema.

Kidoti alicheka. "Mwalimu, si wewe uliyenifundisha?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha. Sasa nakufundisha kuacha."

Alimweleza yote. Doa la kijivu, mstari unaofutika, uso wa mkewe. Hakujisitiri kwa lolote, na kwa mtu mwenye majivuno kama yake hiyo haikuwa kazi ndogo. Kidoti alisikiliza amevua ngao, na alipomaliza kusikiliza macho yake yalikuwa na machozi.

"Yanakuwasha jioni?" Rula alimwuliza.

"Kidogo. Asubuhi yanakuwa yamepoa."

Rula alifunga macho. "Pigilia alama kwa nyundo na msumari mwanzo wa mstari," alisema. "Ncha itaingia yenyewe kwenye kishimo. Ushushe ngao, ndipo ufyatue."

"Itanichelewesha, Mwalimu. Wateja wenyewe unawajua."

"Ikucheleweshe."

"Sawa, Mwalimu. Nimesikia. Nakuahidi."

Alirudi kwenye kiti chake cha mlangoni, akasikiliza. Nyundo iligonga. Tap, ngao ikashuka. Upepo ukafoka, moto ukapasuka. Huo ndio mpangilio. Rula akashusha pumzi ambayo hakujua ameizuia, na mkewe, kule kwenye kona ya grainda, aliona bega lake limelegea akafurahi bila kujua sababu. Ikaja tena: nyundo, tap, upepo, moto. Rula akachukua ncha kwenye kopo, akaingiza sindano.

Baada ya chai, sauti ya mteja ilisikika upande wa pili, inaharakisha, inauliza kama kazi itakuwa tayari au aende kwingine. Kidoti alimjibu kwamba ni sasa hivi tu. Rula aliuacha mkono wake ukae ndani ya kopo. Nyundo haikugonga. Upepo ulifoka, moto ukapasuka, kisha ikaja tap.

Aliinuka tena. Mkono ulishagusa ukuta, mdomo ulishafunguka, ndipo mashine mpya nyuma yake ikanguruma, yule kijana aliyeajiriwa akianza kazi, na hakuna ambaye angemsikia. Akabaki amesimama. Nyuma yake, ndani ya banda la mdogo wake, upepo ulifoka, moto ukapasuka, na baada yake, kwa ustadi wa mtu aliyesimuliwa jinsi Rula alivyokuwa akikata, ngao ikaanguka.

Rula alikaa chini, akaitafuta sindano yake.